Dawa ya Mbweha wa Otokisawa

Mitsue Kurosaka hakujaliwa makalio ya kukaa. Ndivyo walivyomsema wanawake wa kijiji cha Otokisawa, na hawakumsingizia. Ukimkaribisha chai, ataimaliza akiwa amesimama mlangoni, buti moja mguuni na jingine mkononi, macho yakiwa nje kwenye mashamba. Ukimwona msibani, yuko jikoni anasugua sufuria zilizokwisha kung'aa. Alfajiri, kabla mama mkwe wake hajaamka, kipikapu chake cheupe kilikuwa kimeshaunguruma na kwenda zake, na hata wakamuaji wa ng'ombe, watu wasiojua maana ya usingizi, walikuwa wakiulizana: yule mjane anafukuzwa na nani?

Hakuwa anafukuzwa, alikuwa anafukuza mbweha. Au tuseme kweli ilivyo, maana kazi si aibu: alikuwa anafukuza mavi ya mbweha. Kituo cha utafiti kilichoko mwisho wa barabara ya pwani kilimwajiri mwaka ule alipouza ng'ombe wake. Kutwa alitembea kando ya mikanda ya miti inayokinga mashamba na upepo wa bahari ya Okhotsk, akainama, akaokota kwa koleo alichokiacha mbweha, akakitia katika mfuko wa plastiki na kuufunga. Mbweha ana kiburi, haendi haja vichakani kwa kujificha. Huuweka mzigo wake juu ya jiwe au kisiki, mahali pa kuonekana, ili mwenzake akipita ajue kwamba eneo hili lina mwenyewe. Na ndani ya mzigo huo zimo habari zake zote: manyoya ya panya wa shamba, mbegu za zabibu mwitu, kipande cha kondo la ng'ombe aliyezaa jana. Mara nyingine yamo pia mayai ya tegu, madogo hata jicho haliyaoni, na hayo ndiyo yaliyomtia Mitsue katika kazi hii.

Tegu huyu hamsumbui mbweha. Anakaa tumboni mwake kama mpangaji mwenye adabu. Lakini yai lake likimwingia mtu, kwa maji ya kijito au kwa mkono usiooshwa, linashuka kwenye ini na kuanza kujenga. Linajenga polepole, miaka kumi, kumi na mitano. Mtu anakula, anacheka, anakamua ng'ombe wake, na siku anapojitazama kwenye kioo na kuona macho yamekuwa ya manjano, ini limeshakwisha. Yoshimasa, mumewe Mitsue, aliondoka hivyo. Kila mara halmashauri ilipowaita watu wakapimwe damu, Yoshimasa alisema, "Ng'ombe hawajui foleni," akarudi zizini. Alipokwenda hatimaye, madaktari walifungua tumbo, wakatazama, wakafunga.

Nyumbani wakabaki wanawake wawili, na kila mmoja akaomboleza kwa njia yake. Mama Toyo, mzaa marehemu, alikaa. Kila asubuhi alifungua milango ya kabati la madhabahu sebuleni, akampa mwanawe wali wa kwanza kutoka chunguni, chai na udi, akagonga kikengele na kumsimulia habari za kijiji. Mitsue alitembea. Tangu siku ile matanga yalipokwisha hakuwahi kupiga magoti mbele ya picha ya mumewe hata mara moja. Alipita sebuleni kwa hatua ndefu, uso kaupeleka upande, kama mtu aliyechelewa basi. Aliogopa kwamba akipiga goti pale hatainuka tena. Hakumwambia mtu, lakini Mama Toyo aliliona, na lilimuuma.

Basi Daktari Nabeshima, mkuu wa kituo, alipoleta habari ya chambo, Mitsue alikwenda kulia ndani ya pikapu yake, akapangusa uso, akarudi na kuuliza kazi inaanza lini. Nabeshima ni kijana wa miwani minene, anayemwomba mbweha radhi kabla ya kumfunga ukanda wenye redio shingoni. Chambo chake kilikuwa unga wa samaki uliochanganywa na dawa, ukashindiliwa ukawa kama biskuti. Mbweha akikila, tegu wote tumboni mwake wanakufa. Kila mwezi, theluji ikishayeyuka, vyambo viliwekwa kwenye midomo ya mashimo ya mbweha na kando ya miti, na kila mahali Mitsue alifunga utepe wa rangi ya waridi tawini ili apakumbuke. Sasa alikuwa na kitu cha kumfanyia mumewe, ingawa mumewe alikuwa hayupo.

Ikaja Juni ya mwaka wa tatu. Upande wa mtoni kinyesi cha mbweha kilikuwa kinatakata. Upande wa pwani kilikuwa kinatakata. Upande wa mashariki, nyuma ya nyumba ya Kurosaka yenyewe, mayai yalikuwa tele vilevile kama siku ya kwanza. Na upande huo aliyeweka chambo alikuwa Mitsue mwenyewe.

"Dada Mitsue, hebu kaa kidogo," alisema Nabeshima, karatasi za maabara mkononi.

"Nimesimama vizuri tu."

"Mashariki hakuna kilichobadilika."

"Niliviweka."

"Sijasema hukuviweka."

"Umefikiria."

"Nimefikiria kunguru," alisema Nabeshima, akavua miwani na kuipangusa kwa shati, kwa sababu hakujua kudanganya na uso wake ulikuwa unamsaliti. "Tatizo ni kikao cha wakulima. Wiki ijayo wanaamua. Wakiona upande mmoja mzima dawa haikufanya kitu, watasema haifanyi kitu popote. Watawapa kazi wawindaji."

Hilo Mitsue alilijua, na ndilo lililomnyima usingizi. Mbweha wote wa Otokisawa wangepigwa risasi kabla ya theluji. Watu wangeshangilia, na mwaka unaofuata mambo yangekuwa mabaya zaidi, maana eneo la mbweha halikai wazi. Ukimwua mwenyewe, wanashuka vijana kutoka milimani wasio na makazi, na hao vijana ndio wanaobeba tegu wengi kupita wote. Bunduki ingeleta ugonjwa mlangoni, na dawa ingekuwa imeshafungiwa stoo. Mtoto fulani angekula matunda mwitu bila kuosha, na miaka kumi na mitano baadaye mkewe angekuwa anasugua sufuria za watu.

Kutoka pale hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa Ikoma, mwenyekiti wa wakulima, kwa sababu aliyetaka wawindaji kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa yeye. Ikoma alikuwa amesoma na Yoshimasa, wakalewa pamoja, na mpaka leo alimwita Mitsue shemeji.

"Shemeji!" alipiga kelele kutoka nyuma ya tako la ng'ombe. "Leo umetoka kunusa choo cha nani?"

"Cha kwenu. Kinatoa harufu mpaka barabarani."

"Hicho si cha mbweha, ni cha mzee wangu." Ikoma alicheka peke yake, kisha akaacha. "Unakuja kuniomba niseme nini kikaoni?"

"Useme wasubiri mwaka mmoja."

"Watu wanasema unavimwaga mtoni vile vidude, halafu unarudi nyumbani kulala."

"Watu gani?"

"Watu. Hawa wenye midomo."

"Mimi? Kulala?"

Ikoma alimtazama yule mwanamke aliyekuwa akihama mguu mmoja hadi mwingine kama sakafu inaungua, akakubali kwa kichwa kwamba hilo kweli haliingii akilini. Lakini uso wake haukulegea. "Sikiliza, shemeji. Jeneza la Yoshimasa nililibeba mimi, upande wa kichwa. Lilikuwa jepesi. Mtu aliyekuwa ananyanyua ndama, jeneza lake jepesi! Mimi nina mjukuu anayeokota kila kitu anatia kinywani. Usiniombe nisubiri tena."

Mitsue akaondoka. Mchana ule alifunga kwenye mti mtambo unaopiga picha wenyewe kitu kikipita, karibu na shimo la mbweha jike mmoja mwenye sikio lililochanika. Nabeshima hakupenda wanyama wa utafiti wapewe majina, alitaka namba. Mitsue alimwita Sikio, kimoyomoyo. Jike yule alikuwa na watoto wanne chini ya mizizi ya mwaloni ulioanguka, na kila mchana walitoka wakapigana miereka juani, huku mama yao akienda na kurudi na panya mdomoni, mbavu zinahesabika. Mitsue aliweka vyambo vipya pale, akafunga utepe, akaenda zake. Akarudi baada ya saa moja kuhakikisha kwamba mtambo haujaanguka. Akarudi tena jioni. Kesho yake alizunguka shamba lote la kiazi-sukari akisema anatafuta nyayo, na hakutafuta kitu, alikuwa anaisukuma tu siku iishe.

Siku ya tatu alichomoa kadi ya picha, akaiangalia ndani ya pikapu. Kunguru alikuja, akadonoa kidogo, akaruka. Paa akapita, hakuinama. Halafu ukaja mgongo. Mgongo uliopinda, kikapu cha mianzi kimejaa mashina ya majani ya porini, kitambaa cha buluu kichwani. Picha iliyofuata ilionyesha mkono ukiokota chambo chini ya utepe wa waridi. Picha ya mwisho ilikuwa uso mzima, umeinuka, unautazama mtambo kwa mashaka, hata haujui ni kitu gani. Ulikuwa uso wa Mama Toyo.

Kikulacho ki nguoni mwako. Miaka miwili Mitsue aliwashuku kunguru, aliwashuku mbwa wa Ikoma, hata Nabeshima kwamba dawa yake imechacha, kumbe mwizi wanakula naye meza moja na kupeana achari ya figili. Lakini hasira haikuwahi kumfika, kwa sababu woga ulitangulia. Bibi wa miaka themanini na ushee anaokota biskuti za samaki porini. Anazipeleka wapi? Anazila?

Aliendesha pikapu njia ya vumbi bila kukanyaga breki. Mama Toyo alikuwa bustanini nyuma ya nyumba. Mitsue alipekua jikoni, stoo, chini ya sinki. Hakuna. Akasimama katikati ya sebule akihema, na hapo, chini ya harufu ya udi, akasikia harufu ya samaki. Ilikuwa inatoka kwenye kabati la madhabahu.

Basi akapiga magoti. Miaka minane alilikwepa jambo hili, na sasa alilifanya bila kufikiri, kwa sababu ya biskuti. Alifungua milango. Yoshimasa alikuwa pale na tabasamu lake la upande mmoja, amevaa suti aliyoichukia. Mbele yake kulikuwa na wali, na chai, na bakuli jekundu la sherehe lenye kifuniko, na Mitsue alipofunua akaviona vyambo vyake. Vya juu vilikuwa vipya. Vya chini vilikuwa vimeota ukungu.

"Leo umekuja kumsalimia mumeo?" alisema Mama Toyo mlangoni, miguu ina matope. "Jua limechomoza wapi?"

"Mama, hivi ni vya mbweha."

"Najua ni vya mbweha."

"Kwa nini unavichukua?"

Mama Toyo aliweka kikapu chini, akavua kitambaa cha kichwa, akaja akaketi sakafuni kando ya mkwewe, taratibu, kiungo kimoja baada ya kingine.

"Wewe mwenyewe ulisema hapo mezani. Ni dawa. Inamwua yule mdudu."

"Ndiyo, lakini…"

"Hebu ngoja, usinikatize. Mwanangu alilala pale, pale ulipoweka goti, tangu theluji ya kwanza mpaka maua yalipochanua. Namnywesha maji kwa kijiko. Kila nikimwuliza daktari, ananiambia hakuna dawa, bibi, tumechelewa, hakuna dawa. Nikakubali. Nitafanyaje? Kisha natoka siku moja kuchuma majani, nakuta dawa imetupwa chini ya mti. Imetupwa, Mitsue! Mbele nikakuta nyingine, na nyingine, kama pumba za kuku. Wanatupiwa mbweha! Mwanangu alikufa anaomba apunguziwe maumivu tu, na hao waliomwua wanapelekewa dawa mpaka kitandani!" Sauti yake ilipasuka. "Nikasema, hawa walikuwa nayo muda wote. Walimnyima."

"Mama…"

"Basi nikamletea. Mimi si kichaa, najua amekufa. Lakini wali tunampa. Chai tunampa. Siku ya kuzaliwa kwake namwekea pombe. Dawa nayo kwa nini asipewe? Nani ajuaye kama bado panamuuma?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mitsue, ambaye hakubahatika kuzaa, alitazama bakuli lile. Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema ndiyo, Mama, umefanya vyema, na kuviacha vyambo pale vioze kwa amani. Lakini Mama Toyo alikuwa amembeba adui mmoja kifuani miaka miwili, madaktari walioficha dawa, na adui huyo hakuwahi kuwapo.

"Mama, hakunyimwa. Dawa hii inamwua tegu aliye tumboni mwa mbweha. Kwa mtu mdudu haishi hivyo. Anakuwa kitu kingine, anajichimbia ndani ya ini, na dawa hii haimgusi."

"Haimgusi kabisa?"

"Hata kidogo."

"Hata angepewa siku ya kwanza?"

"Hata angepewa siku ya kwanza, Mama. Asingepona."

Bibi alilitazama hilo kutoka kila upande, na Mitsue aliona mahali palipokuwa na hasira pakibaki patupu, na lililokuwa limejificha nyuma yake likitokeza.

"Maji yale ya kijitoni nilikuwa nayateka mimi," alisema Mama Toyo. "Kabla bomba halijaja. Tangu anatambaa."

"Sote tuliyanywa, Mama. Hata mimi nilipoolewa hapa niliyanywa."

"Yai likamchagua yeye."

"Likamchagua yeye."

Wakalia, wote wawili, bila kutazamana. Baadaye Mama Toyo alipangusa pua kwa kitambaa cha buluu na kuuliza, "Na hivi nilivyovichukua, vimeharibu nini?" Mitsue akamweleza. Mayai ya mashariki, kikao, wawindaji, vijana wa milimani watakaoshuka. Alieleza yote, isipokuwa alichokwisha kukiamua, kwamba kikaoni hatalitaja jina la mtu wa nyumba yake.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa. Viatu vilipangwa mlangoni, birika za chai zikazunguka, wakulima wakakaa sakafuni na soksi zao za kazi. Mitsue alisimama nyuma karibu na mlango. Nabeshima alionyesha ramani yake, akafika mashariki, akameza mate, akasema kweli: hapa hatukufaulu, na sijui sababu.

"Hujui," alisema Ikoma. "Miaka miwili, Daktari, na hujui. Mimi sikuchukii, unajua kazi yako. Lakini dawa inayofanya kazi huku na kugoma kule si dawa, ni bahati nasibu."

"Najua sababu mimi," alisema Mitsue. Vichwa vikageuka. "Mashariki sikuviweka. Nilizembea. Kosa ni langu, dawa haina kosa. Mnifukuze mimi, muiache dawa."

Nabeshima alifungua kinywa. Yeye alikuwa ameziona tepe zote za waridi kwa macho yake, alijua kwamba huo ni uongo. Minong'ono ilianza, na wale wenye midomo wakatazamana kama kuambiana, si tulisema?

"Kaa chini, Mitsue," ilisema sauti mlangoni. "Uongo hujui, unakupwaya kama kofia ya mume."

Mama Toyo alikuwa amevaa nguo yake nyeusi ya mazishi. Alikujaje, kwa miguu au kwa kuomba lifti, mpaka leo hatujui vizuri. Alipita katikati ya watu, nao wakavuta miguu kumpisha, akafika mbele na kulifungua furushi. Lilikuwa bakuli jekundu la madhabahu. Akaliweka mbele ya Ikoma na kufunua, na harufu ya samaki waliooza ikatembea ukumbi mzima.

"Vyambo vyenu hivyo. Aliviweka, nami nikaviokota nyuma yake. Vyote."

"Mama Toyo," alisema Ikoma, "kwa nini?"

"Nilimpelekea Yoshimasa."

Hakuna aliyeuliza kuvipeleka wapi. Kila nyumba pale ina kabati kama lile, na kila mmoja alikwisha kuweka humo kitu ambacho maiti hawezi kukila. Mke wa Ikoma aliinama akauficha uso. Ikoma mwenyewe alilirudishia bakuli kifuniko chake, na alipofungua kinywa sauti ilikuwa imekwaruza.

"Mashariki isihesabiwe," alisema. "Haikupewa dawa, haiwezi kuhukumiwa. Mwaka mmoja. Nani anapinga?" Aliwakazia macho mmoja mmoja, na hakuna aliyepinga. "Lakini safari hii nataka kujua nani atakuwa anaviweka kule."

"Mimi," alisema Mama Toyo.

"Mchawi mpe mwana kulea!" mzee mmoja alitamka kutoka pembeni, na kicheko kikapasuka, kile kicheko cha watu waliokuwa wanataka kulia. Hata Nabeshima alicheka, miwani imemshuka puani.

"Chekeni," alisema Mama Toyo. "Mashimo yao nayajua yote. Nilikuwa nawaibia."

Asubuhi yake walikwenda pamoja. Mitsue alisimamisha pikapu mbali kidogo na mwaloni ulioanguka, wakashuka, bibi na mabuti ya mpira yanayompwaya na mfuko wa vyambo vipya mkononi. Hakukubali kusaidiwa. Alitembea mpaka karibu na shimo, akavitupa vyambo vitatu chini, si kwa upole, kama mtu anayemlipa asiyempenda, akarudi kusimama kando ya mkwewe.

Sikio alitokea upande wa shamba. Alikuwa mwembamba, manyoya ya majira ya baridi yananing'inia mapande mapande. Aliwaona, akasita, akanusa upepo, akasogea.

"Kula," alisema Mama Toyo kwa sauti ya chini. "Kula, mshenzi wewe. Kula. Mwenzako hakupata."

Mbweha hakula. Aliokota chambo cha kwanza, akakipanga vizuri mdomoni, akaokota cha pili bila kukiangusha cha kwanza, akahangaika na cha tatu mpaka nacho kikaingia. Kisha akawapa mgongo na kuondoka mdomo umejaa.

"Mbona hali?" Mama Toyo alimshika Mitsue mkono kwa nguvu. "We Mitsue, mbona hali? Anakwenda kuvitupa!"

"Havitupi, Mama. Anawapelekea wanawe."

Chini ya mizizi watoto walisikika wakigombana. Mama Toyo alimtazama jike yule akiingiza kichwa shimoni na kukitoa kitupu, akilamba mdomo wake usio na kitu. Halafu akatia mkono mfukoni, akatoa chambo kingine, akampa Mitsue.

"Mtupie huyu," alisema. "Wewe una mkono mrefu. Na yeye naye ale."